Butembo-Beni: Diski ya pili haionekani kwenye kompyuta? Uliza kwanza nini kimebadilika

Simu ilitoka Beni, siku ya Jumanne asubuhi. Aliyepiga ni mama mmoja wa komini ya Mulekera. Baba yake alifariki mwaka uliopita, na familia ilikuwa inajitayarisha kumaliza matanga siku ya Jumamosi. Alikumbuka kwamba mwaka wa 2016 nilikaa na mzee huyo karibu saa nzima, nikarekodi namna alivyosimulia safari yao ya kukimbia kutoka upande wa Oicha. Mama aliniuliza: "Kaka, sisi hatuna sauti yake popote. Wewe ungali nayo?"

Nikamjibu bila kufikiri: "Iko, dada. Nitakuletea."

Sauti hiyo ilikuwa kwenye diski ya pili ya kompyuta yangu ya mezani, hapa Butembo. Ndani ya diski hiyo mnakaa kazi yangu yote tangu nilipoanza uandishi wa habari: mahojiano na watu waliokimbia mauaji katika eneo la Beni tangu Oktoba 2014, sauti za wauguzi na wagonjwa wa wakati wa Ebola, picha za ndoa za ndugu zangu, hata kazi yangu ya mwisho ya chuo kikuu. Nilipowasha mashini na kufungua ukurasa unaoonyesha diski, nikakuta C peke yake. D hakuna. Nikazima, nikawasha tena. Bado hakuna.

Fundi wa kwanza niliyemwendea, karibu na soko kuu, alitazama ekra kwa dakika mbili tu. Akasema diski imekufa. Akanishauri ninunue nyingine, na ile ya zamani nimwachie. Nilibaki nimesimama pale nikihesabu siku: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa.

Diski haikuwa imekufa. Na katika mazungumzo na mafundi wa Butembo na Beni baada ya tukio hilo, nimeelewa kwamba diski nyingi zinazotangazwa kuwa zimekufa huku kwetu bado ziko hai. Tatizo linakuwa njia ya kati ya diski na ekra. Na mara nyingi kinachoharibu mali ya mtu ni haraka ya kubonyeza.

Kwa nini jambo hili lina uzito huku kwetu

Kompyuta nyingi za Butembo na Beni zimefika zikiwa zimetumiwa tayari. Wafanyabiashara wetu wanazitoa Dubai au Kampala, zinapita mpaka wa Kasindi, zinapanda hadi kwenye maduka. Mtu ananunua mashini ya zamani yenye diski ndogo, kisha anaiongezea diski ya pili. Wengine siku hizi wanatia diski mpya ya aina ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ili mashini iende mbio, na ile ya zamani wanaiacha ndani iwe stoo. Hapo ndipo maneno ya "diski ya pili haionekani" yanapoanzia.

Kisha kuna mambo ya kura. Kwa miaka mingi mji wa Butembo uliishi bila umeme wa serikali, na kila mwenye uwezo alijinunulia gurupu. Leo kuna umeme wa maji na kuna sola, lakini gurupu bado inanguruma. Mashini inaweza kuanza asubuhi kwa umeme wa maji, ikakatika saa nne, ikaendelea na gurupu, ikamaliza siku na betri. Kila kukatika kunapiga diski iliyokuwa katikati ya kuandika. Kila kurudi kwa nguvu nyingi kunapiga boksi la umeme, lile lenye feni nyuma ya kompyuta.

Na kuna barabara. Kati ya Butembo na Beni ni kilomita 54 hivi kwenye barabara ya kitaifa namba 2. Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika moja, na kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo sana, ndogo kupita chembe ya vumbi. Diski iliyozimwa inavumilia mtikisiko. Lakini mtu anayebeba kompyuta ya mkononi ikiwa bado inawaka ndani ya begi, nyuma ya pikipiki, anacheza na bahati.

Juu ya hayo yote, watu wa huku wamekimbia mara nyingi. Familia iliyokimbia inaacha makaratasi nyumbani. Mashahada, vitambulisho, picha za marehemu, hati za shamba: mara nyingi kopi iliyobaki iko kwenye diski ya ndugu mmoja, au kwenye chumba cha kuprintisha karibu na chuo. Diski moja ikitoweka, inaweza kutoweka na ukoo mzima.

Swali la kwanza: nini kimebadilika?

Fundi wa pili niliyemwendea ni kijana aliyesoma informatiki hapa Butembo. Hakugusa mashini. Alivuta kiti, akaniuliza: "Mkubwa, mara ya mwisho uliiona lini? Na tangu siku ile, nini kimebadilika?"

Nikafikiri. Wiki moja kabla, nilikuwa nimetiwa SSD mpya, ile nyembamba kama kipande cha chingamu, inayoingia moja kwa moja kwenye ubao mkuu wa kompyuta, ule mafundi wetu wanauita karte mere. Fundi aliyeitia alikopi Windows kutoka diski ya zamani, akaipeleka kwenye mpya, akaniachia ya zamani iwe ya pili. Tangu siku ile sikuwa nimefungua D hata mara moja.

Kijana akatabasamu. Akaniambia tutafuata njia, hatua kwa hatua, kama mtu anayetafuta mahali maji yamekatika kwenye bomba: kuanzia kwenye chemchemi, siyo kwenye robine.

Njia hiyo ina vituo vitatu, na msomaji anaweza kuifuata hata bila kuwa fundi.

Kituo cha kwanza: umeme na kable

Diski ya ndani ya kompyuta ya mezani, ya aina ya SATA, inaingiwa na kable mbili. Moja ni pana, yenye pini 15, inaleta umeme kutoka kwenye boksi. Nyingine ni nyembamba, yenye pini 7, inabeba data hadi kwenye karte mere. Moja ikilegea, diski haipo.

Zima kompyuta, toa kamba ya ukutani, ngoja kidogo, kisha fungua ubavu wa boksi. Gusa chuma cha boksi kwanza ili umeme wa mwilini uondoke. Toa kable zote mbili, puliza vumbi, zirudishe mpaka zikae vizuri. Kisha washa na utegee sikio. Diski ya sahani inapoamka inatoa mlio mdogo kama upepo, na ukiweka kidole juu yake unasikia inatetemeka kidogo. Ikiwa kimya kabisa, tafuta umeme: jaribu kichwa kingine cha kable ya umeme, au kile kinacholisha diski ya kwanza. Ikiwa inazunguka lakini haionekani, badilisha kable ya data. Hiyo ni kipande cha bei ndogo, na mafundi wengi wana nyingi kwenye kikapu. Anza hapo kabla ya kufikiria kununua diski.

Kwenye mashini za zamani sana zenye kable pana kama utepe, diski mbili zinakaa kwenye kable moja. Nyuma ya kila diski kuna kipande kidogo cha plastiki kinachosema nani ni mkubwa na nani ni mdogo. Zote mbili zikijiita mkubwa, hakuna anayesikilizwa.

Kwa diski ya nje, ile ya kuchomeka, tatizo la mara nyingi ni njaa ya umeme. Tundu la USB la aina ya 2.0 linatoa ampea 0.5, la aina ya 3.0 linatoa 0.9. Diski ya sahani inapoanza kuzunguka inaweza kuhitaji zaidi ya kile tundu dhaifu linachotoa. Basi taa inawaka, unasikia inajaribu kuamka, inaanguka, inajaribu tena. Ondoa kipande cha kugawanya matundu, achana na matundu ya mbele ya boksi, chomeka nyuma moja kwa moja, na utumie kable fupi. Watu wengi wamerudishiwa diski zao kwa kubadilisha tundu tu.

Kituo cha pili: BIOS

Kabla Windows haijaamka, kompyuta ina programu yake ndogo inayohesabu vyombo vilivyomo. Inaitwa BIOS. Unaiingia kwa kubonyeza F2, F10 au Delete mara tu unapowasha, kila mashini na desturi yake. Ndani yake kuna orodha ya diski.

Orodha hii inagawanya shauri katikati. Diski isipokuwemo, Windows haina kosa: tatizo ni umeme, kable, tundu, au diski yenyewe. Diski ikiwemo na jina lake pamoja na ukubwa wake sahihi, basi inapumua, na tatizo liko mbele, ndani ya Windows. Mtu aliyepita hapa anajua tayari kama aendelee na turnevisi au akae mbele ya ekra.

Kwenye mashini yangu, BIOS ilionyesha SSD mpya peke yake. Kijana aliinamisha taa ya simu, akasoma maandishi madogo kwenye karte mere. Matundu ya SATA yalikuwa manne, yamepewa namba. Akanieleza jambo ambalo wengi hawalijui: kwenye karte mere nyingi, ukitia SSD nyembamba kwenye nafasi yake, tundu moja au mawili ya SATA yanafungwa kimyakimya, kwa sababu yanagawana njia moja na nafasi ile. Kijitabu cha karte mere kinasema hivyo, lakini nani huku anapata mashini ya mitumba pamoja na kijitabu chake?

Akatoa kable ya diski yangu kwenye tundu lililokuwa limefungwa, akaichomeka kwenye lingine. Tukawasha. BIOS ikaandika jina la diski yangu, na ukubwa wake wote.

Nilitaka kumkumbatia. Akaniambia ningoje, hatujafika.

Kituo cha tatu: ukurasa wa diski ndani ya Windows

Windows ilipoamka, D bado haikuwepo. Hapo ndipo wengi wanakata tamaa, kwa sababu wanatazama mahali pasipofaa. Ukurasa wa kawaida unaonyesha diski zilizo tayari kutumiwa peke yake. Kuna ukurasa mwingine unaozionyesha zote, nzima na mgonjwa. Bonyeza kwa mkono wa kuume alama ya Windows chini ya ekra, kisha chagua "Gestion des disques". Tazama upande wa chini. Kila diski ina mstari wake, na maneno yaliyoandikwa kwenye mstari ule ndiyo yanayokuambia ugonjwa.

Diski nzima isiyo na herufi. Mstari uko sawa, lakini hakuna D wala E. Hii ndiyo hali nyepesi kuliko zote. Pengine flash au chombo kingine kilichukua herufi yake. Bonyeza kwa mkono wa kuume juu ya mstari, chagua "Modifier la lettre de lecteur", uipe herufi isiyotumiwa. Hakuna faili inayoguswa.

"Hors connexion". Windows inaiona diski lakini imeiweka pembeni. Mara nyingi ni kwa sababu diski mbili zina alama moja ya utambulisho, kama watu wawili wanaokuja kwenye biro ya kura na kadi yenye namba moja. Inatokea baada ya kukopi diski moja juu ya nyingine. Bonyeza kwa mkono wa kuume juu ya jina la diski, chagua "En ligne". Windows inaipa alama mpya, na vilivyomo vinabaki.

"Non initialisé" na "Non alloué". Hapa simama. Kwa diski mpya kutoka dukani, ni kawaida: haijapimwa bado, kama kiwanja kisicho na mipaka. Unakubali kuianzisha, unachagua GPT (kwa sababu mpango wa zamani wa MBR hauwezi kupita terabaiti 2), unaunda sehemu mpya, basi. Lakini kwa diski iliyokuwa na mali, maneno hayo hayo yanamaanisha kwamba ramani yake imepotea au haisomeki. Windows itakufungulia dirisha na kukuomba uianzishe. Usikubali. Nyumba zingali zimesimama, kibao cha barabara ndicho kimeanguka. Ukiandika ramani mpya juu yake, unaifanya kazi ya kuokoa kuwa ngumu zaidi.

"RAW". Windows inaona sehemu lakini haielewi maandishi yake. Pengine kura ilikatika wakati wa kuandika. Pengine diski imetoka kwenye mashini ya Mac au ya Linux, ambazo zinaandika kwa namna yao. Pengine imetoka kwenye boksi la kamera za duka, ambalo nalo lina maandishi yake. Kwa hali zote hizo Windows inasema neno moja: lazima uifomati. Siyo lazima. Irudishe kwanza kwenye mashini ya aina iliyoiandika.

Kufuli. Diski iliyotoka kwenye kompyuta ya mkononi ya ofisi inaweza kuwa imefungwa na BitLocker. Itaomba ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya aliyefungua mashini mara ya kwanza, au kwa msimamizi wa ofisi. Bila huo, hakuna fundi wa kuifungua, wala hapa wala Kampala.

Diski yangu ilikuwa imeandikwa "Hors connexion". Kwa kuwa Windows ilikopiwa kutoka kwake kwenda kwenye SSD, zote mbili zilikuwa na alama moja. Kijana akabonyeza mara moja. D ikatokea. Ndani yake, folda ya 2016.

Kazi yote ilichukua dakika arobaini hivi. Kilichokuwa kimeharibika: hakuna.

Wakati wa kuondoa mikono

Siyo kila hadithi inaisha hivyo. Kuna alama zinazosema uache mara moja.

Diski ikitoa mlio wa tak, tak, tak, kichwa chake kinatafuta njia na hakiioni. Kila dakika unayoiacha iwake inaweza kukwaruza sahani. Zima. Usiitie kwenye friji, usiigonge, na usimruhusu mtu yeyote aifungue kwenye meza ya barabarani. Kufungua diski ya sahani kunahitaji chumba kisicho na vumbi na vipuri vya diski ya aina ile ile.

Diski ikionekana lakini ni nzito, inaganda, inatoweka na kurudi, ina sehemu zinazokufa. Hapo wengi wanakimbilia kuanzisha "chkdsk", programu ya Windows ya kurekebisha makosa. Mafundi wenye uzoefu wanakataza. Programu ile inaandika juu ya diski na kuichosha, na kinachotakiwa ni kukopi kwanza, kuanzia vile usivyoweza kuvipata tena. Sinema na muziki vitangoja.

Ikiwa ramani imepotea lakini diski inapumua vizuri, kuna programu mbili za bure za Mfaransa Christophe Grenier: TestDisk, inayotafuta ramani ya zamani, na PhotoRec, inayookota faili moja moja hata kama majina yao yamepotea. Sheria ni moja: kile unachookota uandike kwenye diski nyingine, kamwe siyo ile unayookoa.

Na kwa aliyekwisha kufomati, asiandike kitu tena. Fomati ya haraka kwenye diski ya sahani inafuta ramani tu, na mara nyingi faili zinaweza kuokotwa. Fomati kamili, tangu Windows Vista, inaandika sifuri diski nzima, na hapo hakuna kinachobaki. Kwenye SSD, hata fomati ya haraka inaweza kufuta kabisa, kwa sababu Windows inaiambia SSD isafishe nafasi zote.

Unamwachia nani diski yako?

Kuna swali lingine ambalo mafundi hawaliulizi, na sisi wateja tunalisahau. Ndani ya diski yangu kuna majina na sauti za watu walioniambia mambo kwa sharti la kutotajwa. Kama ningemwachia yule fundi wa kwanza "diski iliyokufa", mtu mwingine angebadilisha kable na kuyasikia yote. Katika mji ambapo watu wanahofia kulipizwa kisasi, hilo siyo jambo dogo. Mwalimu ana pointi za wanafunzi, muuguzi ana majina ya wagonjwa, mwenye duka ana orodha ya madeni.

Basi usiiache diski kwa fundi usiyemjua. Kaa pale wakati wa kazi. Na diski ikikataliwa, ondoka nayo. Ikiwa kweli imekufa na ina siri, ivunje wewe mwenyewe.

Diski ya pili siyo kopi ya pili

Kosa kubwa katika hadithi hii lilikuwa langu. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kazi yangu iko salama kwa sababu iko kwenye diski ya pili. Lakini ilikuwa huko peke yake. Diski ya pili yenye kopi moja tu ni diski ya kwanza iliyobadilishwa jina. Boksi lile lile, umeme ule ule, mwizi yule yule.

Mafundi wanarudia hesabu moja inayojulikana pote duniani: kopi tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja ikae nje ya nyumba. Kwa mtu wa Butembo au Beni inaweza kuwa hivi: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje inayochomekwa wakati wa kukopi tu kisha inatolewa na kufungiwa kabatini, na moja kwa ndugu anayekaa mji mwingine. Anayepata intaneti ya kutosha anaweza kupandisha vile vidogo vyenye thamani kubwa: mashahada, hati, sauti, picha chache. Kila baada ya miezi michache, washa diski ya kabatini, fungua faili mbili tatu, uhakikishe inasoma. Na mwenye kompyuta ya mezani atafute chombo chenye betri cha kushikilia umeme kura inapokatika, hata kidogo, kinachompa dakika tano za kuzima vizuri.

Wanafunzi wanaoandika TFC wasingoje juma la mwisho. Kujitumia kazi kwa barua-pepe kila jioni hakugharimu sana.

Unaponunua, jihadhari pia na diski za nje za bei ya ajabu zinazojitangaza kuwa na terabaiti 16. Nyingi za namna hiyo zinazouzwa duniani ni boksi lenye kadi ndogo ya simu ndani, iliyodanganywa ili ionyeshe ukubwa isiokuwa nao. Inapokea faili zako zote bila kulalamika, na siku ya kuzisoma hazimo. Ijaze yote, kisha usome, kabla ya kuiamini.

Siku ya Ijumaa nilipanda taksi kwenda Beni. Diski niliiacha Butembo. Mfukoni nilikuwa na flash mbili zenye faili moja, na faili ile ile kwenye simu.

Jumamosi, uani, baada ya sala, watoto walileta boksi la sauti. Mama wa Mulekera aliomba tuanze pale mzee anapojitambulisha. Sauti ilitoka na upepo kidogo, kwa sababu mwaka ule sikuwa na kifuniko cha mikrofoni. Mzee alitaja jina lake, jina la baba yake, na kijiji chake. Mjukuu mdogo, aliyezaliwa baada ya mahojiano yale, aliuliza ni nani huyo anayesema.

Kabla sijaondoka, nilikopi faili kwenye simu za watu saba. Mama alinisindikiza mpaka barabarani. Akaniuliza kama na ya mama yake iko, kwa sababu siku ile ya 2016 naye alikuwa amekaa pembeni, akiingilia maneno.

Iko. Niliihakikisha jioni ile ile nilipofika Butembo, na mara hii nikaikopi mara tatu.